Maziwa ya Kizza

Safari ya kwenda kwa Shangazi ilituchukua siku nne, na mbili kati ya hizo tulizimaliza Malaba, mpakani, kwenye foleni ya malori. Baba alikuwa dereva wa masafa marefu. Alinitoa Nakuru alfajiri, nguo zangu zikiwa ndani ya mfuko wa unga wa ngano, akanipandisha kwenye kile kitanda kilicho nyuma ya kiti cha dereva, akaniambia nilale. Sikulala. Nilikaa nikitazama mikono yake. Usukani aliushika kwa mikono miwili, akaupapasa kwenye kona, akaufuta jasho kwa leso yake mwenyewe, nami nikauonea wivu usukani. Mama alikuwa amerudi kwao miezi michache nyuma na hakuna aliyenieleza kwa nini. Tangu hapo nilikuwa nakionea wivu kila kitu kilichoshikwa na mtu.

"Utakaa kwa dada yangu kidogo tu," Baba alisema tulipovuka mpaka. "Ni mtu mwema. Ana bustani."

"Ana watoto?"

Alibadilisha gia. "Ana bustani," akarudia.

Tukapita Bugiri na Iganga, tukafika Jinja, tukaiacha lami na kuingia njia ya vumbi jekundu inayokwenda Budondo. Shangazi tulimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa, mikono imezama kwenye tope hadi viwiko. Hakuinuka kunikumbatia. Alinitazama kitambo, kisha akaligeukia beseni lililokuwa mbele yake na kuliambia, "Nakato, mgeni wetu kafika. Mwambie anawe miguu, chakula kiko tayari."

Nikageuka huku na huku kumtafuta Nakato. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na beseni la bati lililopakwa rangi nyeupe, na ndani yake mashina membamba ya kijani yaliyonizidi urefu, kila moja limebeba kichwani majani yaliyotawanyika kama mbavu za mwavuli.

Mmea huo niliukuta tena mwezi uliopita, katika nyumba ya wageni ya mji ambao nilikuwa napita tu. Mimi ni mtu wa kupita. Nimekuwa utingo, mlinzi, muuza mitumba, na sijawahi kumaliza miaka mitatu chini ya paa moja. Pale mapokezi walikuwa wameuweka kwenye chungu cha plastiki, umesahaulika, ncha zimekauka. Niliinama nikanusa maji yake. Ile harufu ya tope lililotulia, tamu kidogo, chungu kidogo, ilinipanda puani ikanikalisha chini.

"Mzee, umepoteza kitu?" binti wa mapokezi aliniuliza.

Nikamwomba mkasi.

Mmea wenyewe ni ndugu wa mafunjo, haya yanayojaza mabwawa ya Uganda, ila huu ni mdogo na maridadi zaidi, na watu huupanda kwenye vidimbwi na veranda kwa ajili ya kupendeza tu. Shangazi aliuita mwavuli. Alikuwa na kitalu, akiuza maua na miche kwa wenye nyumba nzuri za karibu na mto, na miavuli aliiuza pia, kwenye madumu yaliyokatwa. Lakini mabeseni mawili meupe hayakuwa ya kuuza. Moja lilikuwa Babirye, la pili Nakato. Kule Busoga, upande huo wa Jinja, hayo ndiyo majina ya mapacha wa kike: Babirye ndiye anayetangulia, Nakato anamfuata. Na mapacha wana sharti lao. Anachopewa mmoja, mwenzake apewe siku hiyo hiyo, kwa kipimo kile kile, la sivyo yule aliyepunjwa hukasirika na nyumba nzima ikaona taabu.

Shangazi alilishika sharti hilo kwa mabeseni yake kama mtu anayeshika swala. Tope jeusi alilichota bwawani, akalichanganya na mchanga ili lisielee, akalipima kwa kopo moja: kopo la Babirye, kopo la Nakato. Maji yalitakiwa kusimama vidole viwili juu ya tope, si kimoja, si vitatu. Alivipima vidole hivyo kila asubuhi kabla hajawasha moto, kabla hajauliza kama nimeamka. Shina lililokauka kwa Babirye lilikatwa chini kabisa kwa mkasi, na hata kama Nakato alikuwa mzima, naye alitolewa shina moja. Alileta vidagaa kutoka kwenye kijito ili wale viluwiluwi vya mbu: watatu huku, watatu kule. Mmoja alipokufa upande wa Nakato, Shangazi alitembea mpaka kijitoni jua la saa saba kwenda kutafuta wa kumrithi.

Na aliongea nayo. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mimi hakuniita kwa jina. Aliniwekea chakula, alinifulia, alinitibu jipu la mguuni kwa subira kubwa, lakini maneno yake yote yalipitia kwenye mabeseni. "Babirye, kuna mtu hajaoga." "Nakato, naona mtu anataka viatu, hivi vimemwacha vidole nje." Huko nje nako sikuwa na jina. Watoto wa Budondo waliponisikia naongea Kiswahili, ambacho kwao kilikuwa lugha ya askari, waliniita Afande, wakawa wakinipigia saluti kwa vijiti na kukimbia. Kwa hiyo nilikuwa Afande njiani na mtu nyumbani, huku majani mawili ndani ya maji yakiitwa kwa majina yao kutwa nzima. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nilichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja: Shangazi anigeukie mimi jinsi alivyoyageukia mabeseni yale.

Siku moja tulipanda basi tukaenda Mbale. Shangazi alivaa gomesi yake nzuri, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, akabeba kikapu. Tulishukia Namakwekwe, kwenye vyumba vya kupanga na kelele za wachuuzi, tukapata baiskeli mbili za boda boda hadi Nkoma, ambako kelele zilikatika ghafla na nyumba zilikuwa na mageti. Shangazi aligonga moja. Hakuingia. Alisimama nje kama mtu aliyeleta barua.

Wakatoka wasichana wawili wa sare moja, soksi moja, uso mmoja. Wakapiga magoti pamoja kumsalimia, kama wasichana wa kule wanavyofundishwa.

"Babirye," Shangazi alisema. "Nakato."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kushindwa na majani. Sasa majani yalikuwa na miguu, na meno meupe, na yalimwita Shangazi wangu Mama.

Alitoa vitu kikapuni, viwili viwili. Vitambaa viwili vya nywele. Ndizi mbivu, zilizogawanywa sawasawa tangu nyumbani. Wasichana walipokea kwa mikono yote miwili, lakini macho yao yalikuwa kwangu.

"Mama, huyu nani?" mmoja aliuliza. Sikujua ni yupi.

Nikasubiri. Niliamini kwamba hapo, mbele ya watu, ingebidi aseme mwanangu.

"Ni mtoto wa kaka yangu."

"Anarara kitanda yetu?" mwingine akauliza.

"Anakaa kidogo tu," Shangazi alijibu haraka.

Yule msichana alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akanitazama tena. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba na yeye alikuwa akiumwa na kitu kile kile kilichoniuma mimi. Siku ile niliona dharau tu.

Ndani ya basi la kurudi, Shangazi aliniambia yote kwa maneno machache, akitazama dirishani. Baba yao alikuwa na kazi ya ofisini pale Mbale. Walipoachana, ukoo ulisema watoto ni wa baba. Pale verandani palikuwa na mwavuli ndani ya chungu, na asubuhi aliyoondoka alikata vichwa viwili, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akaja navyo mpaka Budondo. "Kila mama hutoka na kitu," alisema. Hakusema alivipandaje, nami sikuuliza. Nilikuwa nawaza kile kitanda. Kumbe hata usingizi wangu ulikuwa wa kuazima.

Siku tatu baadaye Shangazi alikwenda Jinja kupeleka miche. Nikachukua mkasi wake.

Nataka niseme wazi kwamba nilijua ninachofanya. Sikuikata yote miwili. Nilisimama mbele ya mabeseni, nikachagua. Nilimkata Nakato peke yake, shina baada ya shina, mpaka beseni likabaki na visiki kama ndevu zilizonyolewa vibaya, na Babirye nikamwacha akipepea. Nilitaka mmoja apunjwe. Nilitaka aliyepunjwa akasirike na nyumba ione taabu, kwa sababu mimi nilikuwa napunjwa kila siku na hapakuwa na sharti lililovunjika.

Mashina niliyatupa shimoni. Vichwa niliviogopa, vilikuwa kama nyuso. Nyuma ya choo palikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa maji ya mvua yaliyooza. Niliamini mmea unapumua kwa kichwa kama mtu, basi nikavigeuza juu chini, nikavisukumia majini mpaka majani yote yakazama, nikavizamisha kama mtu anayezamisha watoto wa paka. Nikafunika na kipande cha bati.

Shangazi alirudi jioni. Nilikuwa mlangoni. Alitua kikapu, akaenda nyuma, na sikusikia kitu kwa muda mrefu. Mwishowe nilichungulia. Alikuwa amesimama na mkasi mkononi. Nilidhani amejua, kwamba anakuja. Lakini aliinama mbele ya Babirye, akaanza kumkata. Shina, shina, shina. Hakulia. Alikata hadi mabeseni yote mawili yakalingana, akapima kwa kiganja kuhakikisha.

"Mwenzio kanyolewa," alimwambia Babirye kwa upole. "Usimcheke. Na wewe utanyolewa."

Kisha akakaa chini kwenye tope na gomesi yake ya mjini.

Sikuwahi kuona kitu kama hicho, na nitasema kitu cha aibu: hata hapo sikujuta. Nilichofikiri ni kwamba hata wakiwa visiki bado wanapewa sawasawa.

Lawama ilimwangukia mbuzi. Jirani yetu Mama Robina alikuja mwenyewe kujitetea, kaleta na kamba kama ushahidi.

"Mbuzi yangu inarara na kamba," alisema. "Ona kamba. Hii kamba ilikatika? Haikukatika."

"Sijasema ni mbuzi wako," Shangazi alimjibu.

"Watu wanasema. Sasa mimi nauliza, mbuzi gani anakata kitu mstari moja namna hii, kama fundi wa nguo?" Akanigeukia. "Wewe Afande, uliona mbuzi na mkasi?"

Shangazi aliangua kicheko, cha kwanza nilichomsikia akicheka tangu Mbale. Hakunitazama. Lakini jioni hiyo nilikuta mkasi umetundikwa juu kabisa, mahali nisipofika hata nikisimama kwenye kigoda.

Visiki vilianza kuchipua kabla ya wiki mbili kwisha. Hilo lilinikera lakini sikushangaa. Lililonishangaza ni la nyuma ya choo. Nilikwenda kuinua lile bati nihakikishe maiti zangu, nikarudi nyuma. Kila kichwa nilichokizamisha kilikuwa kimetoa mizizi myeupe kama nyuzi, na kutoka katikati ya yale majani yaliyooza yalisimama machipukizi ya kijani, mengi, yakisukumana kutafuta mwanga. Niliyasukuma chini kwa kijiti. Yaliinuka. Nikayasukuma tena. Nilikuwa bado nasukuma niliposikia pumzi nyuma yangu.

Shangazi aliangalia pipa. Akaniangalia mimi na kijiti changu. Akaangalia pipa.

"Kichwa chini," alisema taratibu. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyowapanda wale wawili. Nani alikuonyesha?"

Nilitafuta uongo, nikapata mmoja. "Nilikuona wewe."

Alijua sikumwona. Alikuwa amepanda zamani, kabla sijajua kama yuko duniani. Akaingiza mikono yake majini karibu na yangu, akakitoa kichwa kimoja chenye machipukizi, akakiinua kama mtu anayepokea mtoto kwa mkunga.

Jioni hiyo alinunua beseni la tatu. Lilikuwa la kijani, dogo kidogo. Alilijaza tope, akanishika mkono, akauingiza ndani ili nisikie ulaini wake, akanifundisha kipimo cha vidole viwili kwa vidole vyangu mwenyewe. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za utoto wangu. Halafu akaiharibu.

"Huyu," aliyaambia mabeseni mengine, "ni Kizza."

Kila mtu Busoga anajua Kizza ni nani. Ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mimi nilikuwa nimekwisha kulijua jina hilo, na sirini nilikuwa nimelihesabu kuwa ndiyo nafasi pekee iliyobaki katika nyumba ile. Wawili walikuwa wa Mbale, sawa. Lakini wa tatu hakuwepo. Sasa yupo. Nafasi hiyo imepewa beseni.

Kuanzia hapo Babirye na Nakato sikuwa na habari nao. Wivu wangu wote ulihamia kwa Kizza. Na Kizza alidekezwa kuliko wenzake, kwa sababu yeye hakuwa pacha, hakuwa na wa kulinganishwa naye. Kila asubuhi Shangazi aliweka kikombe cha bati kando ya beseni la kijani, karibu na ukuta, kimejaa maziwa ya moto. "Maziwa ya Kizza," alisema kwa sauti ya kusikika hadi chumbani, kisha akaenda zake kwenye kitalu na kunipa mgongo.

Maziwa! Mimi nilipewa chai ya rangi, na majani yanapewa maziwa. Asubuhi ya kwanza nilistahimili. Ya pili nilinyata, nikayanywa yote, nikajifuta mdomo, na ili nisigundulike nikamtilia Kizza maji ya mtungini hadi vidole viwili. Nilisikia raha ya mwizi mkubwa. Shangazi alirudi, akakiinua kikombe, akakipindua.

"Kizza anakunywa vizuri siku hizi," alimwambia Nakato.

Nilicheka moyoni mpaka tumbo likauma. Nilimwibia Kizza maziwa yake mwaka mzima na zaidi. Nilimwibia na mayai ya kuchemsha yaliyowekwa juu ya ukingo wa beseni, na sweta la kijani lililotundikwa juu yake msimu wa mvua. Hilo nililivaa mbele ya Shangazi waziwazi, kwa ukorofi, nikingoja anivue. Hakunivua. Alisema tu, akimtazama Kizza, kwamba limekaa vizuri mabegani. Nilinenepa kwa chuki. Na kila asubuhi, kwa kuwa mwizi lazima afiche nyayo, nilimpimia Kizza maji, nikamkata ncha zilizokauka, nikamwangalizia vidagaa wake. Hakuna aliyemtunza kama mimi.

Kisha Baba akaja. Alikuwa ameoa Nakuru, kulikuwa na nyumba, kulikuwa na shule. Alikuja na lori hadi karibu na mlango, Mama Robina na mbuzi wake wakatoka kutazama, na watoto wa Budondo wakajipanga kunipigia saluti ya mwisho. Mfuko wa unga haukunitosha tena. Nguo zangu zilijaa kikapu.

Shangazi alikuwa nyuma. Nilimsikia akifungua mkasi. Alikuja na kichwa kimoja cha Kizza, chenye kipande cha shina urefu wa kidole, majani yamepunguzwa nusu, kimefungwa kwenye gazeti bichi. Akakiweka mapajani mwangu nilipokuwa nimekwisha kukaa kwenye lori, akamtazama Baba, akalitazama gurudumu, akalitazama lile gazeti.

"Safari njema, Kizza," aliliambia.

Lori likaondoka. Alitufuata hatua chache njiani. "Kizza!" aliita. "Kizza!" Sikugeuka. Nilikaza macho mbele, nimeuma meno. Hata siku ya kuondoka kwangu, yule anayemlilia ni jani.

Baada ya Iganga barabara inapita juu ya bwawa la mafunjo, kijani tupu kulia na kushoto. Nilifungua gazeti. Ile harufu ilijaa ndani ya lori. Nikashusha kioo, nikakirusha kile kichwa kwa nguvu zangu zote.

"Umetupa nini?" Baba aliuliza.

"Kizza."

Alicheka. "Umejitupa mwenyewe?"

Sikumwelewa. Nilimtazama.

"Kizza si wewe? Dada yangu hakuiti jina jingine. Kila nikipita Jinja nikituma mtu kukujulia hali, jibu linakuja hilo hilo: Kizza anakua, Kizza kapata sweta. Mara ya kwanza nilifikiri kazaa." Akabadilisha gia, akafuta usukani kwa leso. "Na usinisahaulishe, kuna neno ameniagiza nimfikishie mama yako mpya kule nyumbani. Kasema Kizza hapendi kupewa maziwa mkononi. Yawekwe nje, karibu na ukuta, halafu mtu ageuke ajifanye hamwoni."

Nilimwambia asimame. Nilipiga kelele asimame. Alidhani ninataka kujisaidia, akaniambia nivumilie hadi Bugiri, kwa sababu lori lenye mzigo halisimami juu ya daraja. Nilichomoza kichwa dirishani kutazama nyuma, na lile bwawa lilikuwa limekwisha kujikunja nyuma ya kona. Sikuwa nimeona jinsi kile kichwa cha Kizza kilivyoangukia majini, kama ni kichwa juu au kichwa chini.